Bega Lililochanika na Kiraka Chake: Tuulize Nini Kabla ya Kuchanga?

(Mazungumzo haya yalitolewa na mtaalamu wa fiziotherapia mbele ya vikundi vya kujisaidia vya visiwa vya Lamu, vilipokutana kujadili mchango wa matibabu ya mwanachama mmoja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nimeitwa kwa jambo moja tu, kwa hivyo sitazunguka. Mwenzetu mkata mawe wa Manda ameshindwa kuinua mkono wake wa kulia kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Vikundi vimechanga. Daktari wa mifupa huko mjini amempiga picha, akasema kano za bega zimekatika, na kwamba akizishona ataongeza kiraka juu yake ili zishike. Kiraka chenyewe kinaagizwa kutoka ng'ambo na bei yake si ya mchezo. Sasa nasikia mmegawanyika. Wengine mnasema aende wiki ijayo. Wengine mnasema pesa za kikundi zitaliwa bure. Na kuna walionong'ona kwamba ndugu huyu ni mvivu tu, mbona bega lenyewe halikuvimba! Yeye yuko pale nyuma, na amenipa ruhusa niseme habari zake bila kumtaja jina. Basi nianze na hilo la uvivu.

Sisi huku kila kitu ni mshipa. Damu inapopita ni mshipa, mguu ukishikwa na ganzi ni mshipa, ngiri ni mshipa, na bega likiuma basi mshipa umepanda. Leo nawaomba tutumie neno kano. Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayofunga msuli kwenye mfupa. Yeyote aliyechinja mbuzi anaijua, maana kisu hupata kazi hapo.

Kiungo cha nyonga ni kama kichwa cha mchi ndani ya kinu, kimezama. Bega halikuzama. Ni kama yai lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka kote, na ndiyo maana bega hutoka mahali pake upesi. Kinachozuia yai lisiteleze ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega. Kano zake zinalifunika lile yai mbele, juu na nyuma. Mabaharia mtanielewa: ni kamba zinazoushika mlingoti kila upande. Kamba ya juu ikikatika, ule msuli mkubwa wa nje bado unavuta kwa nguvu zake zote, lakini badala ya mkono kuinuka, mfupa unateleza juu na kugonga dari yake. Mtu anataka kuinua, na mkono haupandi. Huo si uvivu.

Kwa nini kano hukatika? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ajali: umeanguka ukajishika kwa mkono, au jahazi limekupiga dharuba nawe umeshika kamba. Ya pili ni kuchakaa. Kano ya juu hupita chini ya dari ya mfupa, na mahali inaposhikana na mfupa damu haifiki kwa wingi, hivyo umri ukienda inalika kidogo kidogo kama kamba inayosuguana na ubao. Kazi za kuinua mikono juu ya kichwa na kazi za mizigo huongeza. Mkata mawe, hamali wa bandarini, fundi anayepaka chokaa dari, mama anayetwika ndoo, wote wamo.

Wajapani walifanya jambo zuri. Walikwenda kijiji kimoja cha milimani wakapima mabega ya wanakijiji 683, wenye maumivu na wasio na maumivu, wakatoa matokeo mwaka 2010. Katika kila mabega 100, karibu 21 yalikuwa na kano iliyochanika. Na hata katika yale yasiyouma kabisa, 17 hivi katika 100 yalikuwa yamechanika! Kwa hivyo kuchanika peke yake si hukumu ya kupasuliwa. Kuna wazee hapa ndani, nawaangalia, huenda mna kano zilizochanika na bado mnavuta nyavu. Misuli mingine imebeba kazi ya mwenzake.

Sasa dalili. Hebu kila mtu ainue mkono wake polepole. Vizuri. Anayechanika kano mara nyingi husema mambo haya: bega linauma usiku akililalia, mkono hauna nguvu akiutanua kando, na kuvaa kanzu au kufunga leso ni taabu. Mwenzetu aliniambia kilichomuumiza zaidi si kazi. Ni kwamba hawezi kuinua mkono hadi sikioni kwenye takbira.

Kuna kipimo kimoja ambacho hata nyumbani mnaweza kukifanya. Mgonjwa akishindwa kuinua mkono mwenyewe, mwingine amwinulie taratibu. Ukipanda mpaka juu kwa msaada, lakini ukiachwa unaanguka, shuku kano. Ukikataa kupanda hata kwa msaada, huenda ni bega lililoganda, na hilo ni ugonjwa mwingine, wenye matibabu mengine. Wenye kisukari hupata sana bega la kuganda. Na tafadhali, bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana na jasho kutoka, hilo si la kupimwa baraza. Mpelekeni hospitali saa ileile. Vilevile bega lenye joto, limevimba, na mtu ana homa.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza, je, kukanda? Bi, sikatazi mafuta ya nazi na maji ya moto. Yanatuliza, na mkono wa mtu anayekuhurumia ni dawa pia. Lakini hakuna mkono unaoweza kukanda kano iliyokatika mpaka ikarudi kushika mfupa. Na kumvuta mtu mkono kwa nguvu ili "mshipa ushuke" ni kuipasua zaidi. Mwenzetu alianguka kutoka kwenye ukingo wa shimo la mawe. Siku ileile mkono ukashindwa kupanda. Akakandwa miezi minane. Sisemi hivi kumlaumu aliyemkanda, mimi mwenyewe nimeshawahi kumwambia mgonjwa "pumzika tu, itapoa", na haikupoa. Nasema kwa sababu miezi minane ile ndiyo iliyofanya leo tuzungumze habari za kiraka.

Ni hivi. Kano ikikatika, msuli wake huirudisha nyuma, kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Halafu msuli wenyewe, kwa kukosa kazi, hunyauka, na nyama yake huingiliwa na mafuta. Mafuta hayo hayageuki tena kuwa nyama hata fundi ashone namna gani. Kwa hivyo nawapa sheria ya kushika. Mtu aliyekuwa mzima, akaanguka au akavutwa, na mara moja akashindwa kuinua mkono, aonekane na daktari katika wiki za mwanzo, asingoje miezi. Picha ya eksirei itaonyesha mfupa tu, kano haionekani humo. Kano huonekana kwa altrasaundi ikishikwa na mtu anayejua bega, au kwa MRI.

Yule ambaye bega lake limeuma polepole kwa miaka, bila ajali, huyo hana haraka hiyo. Kwake dawa ya kwanza ni mazoezi, ya miezi mitatu hivi, yaliyofundishwa vizuri na kufanywa kila siku. Marekani walifuatilia wagonjwa zaidi ya 400 wa aina hii, kano imekatika kabisa lakini bila ajali, wakawapa mazoezi. Baada ya miaka miwili, waliokwenda kupasuliwa hawakufika robo. Hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Sindano ya kutuliza uvimbe nayo ipo, moja inaweza kumpa mtu usingizi, lakini kudungwa kila mara hudhoofisha kano yenyewe. Anayekwambia njoo kila mwezi nikuchome, mkimbie.

Haya, tufike kwenye kisu.

Upasuaji wa kushona kano za bega si kitu kipya. Daktari Codman wa Boston, Marekani, alianza kuufanya mwaka 1909. Siku hizi unaweza kufanywa kwa matundu madogo, kamera ikiingia tundu moja na vyombo tundu jingine. Fundi husafisha mfupa mahali kano ilipotoka, hupigilia vijinanga vidogo kwenye mfupa (na kweli madaktari wenyewe wanaviita nanga), nanga zina nyuzi, na kwa nyuzi hizo anaivuta kano irudi na kuifunga. Kisha mwili ndio unaofanya kazi iliyobaki. Uzi hauponyi. Uzi unashikilia tu mpaka kano na mfupa vishikane vyenyewe, na hiyo ni kazi ya miezi.

Mchaniko mdogo kwa mtu asiye mzee sana mara nyingi hushika. Mchaniko mkubwa ni habari nyingine. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walitoa ripoti ya wagonjwa 18 waliokuwa na michaniko mikubwa, wakashonwa kwa njia ya kamera. Walipopimwa baadaye, kwa 17 kati yao kano ilikuwa imeachia tena. Kumi na saba kati ya 18! Lakini sikilizeni mwisho wake: wengi wao maumivu yalikuwa yamepungua na mkono ulikuwa ukifanya kazi kuliko mwanzo, angalau kwa muda ule. Hapo ndipo wazo la kiraka lilipopata nguvu.

Nyinyi wa Matondoni mnashona matanga, sina haja ya kuwafundisha. Tanga likipasuka na nguo bado ni mpya, unakutanisha kingo mbili na kushona. Lakini nguo ikiwa imechakaa, sindano inapita lakini uzi unakata nguo kama kisu kwenye jibini. Upepo wa kwanza tu, chwaa. Kwa hivyo unaweka kiraka juu, unashona mpaka kwenye nguo iliyo imara, na mvuto unagawanyika. Kiraka cha bega ni hivyohivyo, kwa tofauti moja: kinatakiwa kiwe kama kiunzi ambacho mwili utapanda juu yake, upeleke damu humo na ujenge nyama yake, mpaka kiraka chenyewe kiwe sehemu ya mtu.

Kinatoka wapi? Hapa nataka masikio yenu yote. Kuna kiraka kinachochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, utando mgumu wa ubavu wa paja; hakina bei ya dukani lakini kinaacha kidonda cha pili. Kuna ngozi ya binadamu aliyefariki na kuitoa kama sadaka, imeoshwa chembe zote hai ikabaki kiunzi tu. Kuna vinavyotokana na ng'ombe. Kuna vya nyuzi za kiwandani. Na kuna vya nguruwe.

Naam. Naona masheikh wameinua vichwa.

Kiraka cha utumbo wa nguruwe kilijaribiwa sana. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya wagonjwa 30 wenye michaniko mikubwa: 15 walishonwa na kuwekewa kiraka hicho, 15 walishonwa tu. Wa kiraka walipona kano wanne. Wasio na kiraka walipona tisa! Na baadhi ya watu kiraka hicho kiliwaletea uvimbe mkali. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani kikashauri kisitumike kwa kazi hii. Lakini vipo viraka vingine vya ngozi ya nguruwe vilivyotengenezwa kwa njia tofauti, kwa hivyo msidhani habari imekwisha. Ngozi ya binadamu ilifanya vizuri zaidi: katika utafiti wa mwaka 2012, wa watu 42 wenye michaniko mikubwa, waliowekewa kiraka kano zilikutwa nzima kwa 85 katika kila 100, na wasiowekewa 40 katika kila 100. Ni matokeo mazuri. Ni watu 42 pia, si elfu nne, na hawakuwa wakata mawe waliokaa mwaka mzima bila kutibiwa. Mimi nayachukua kama tumaini, sio kama ahadi.

Je, ni halali Muislamu kuwekewa cha nguruwe kama hakuna kingine? Je, Mkristo akubali ngozi ya marehemu? Hayo si ya fiziotherapia. Mwulizeni sheikh, mwulizeni padri, kabla ya safari. Langu ni kuwaambia kwamba mna haki ya kuuliza kiraka kimetoka wapi, na mna haki ya kujibiwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe matibabu yake, faida na hatari zake na njia nyingine zilizopo, kwa lugha anayoielewa, ndipo akubali au akatae. Haisemi apewe karatasi ya Kiingereza atie dole gumba. Mwenzetu alipewa karatasi. Alipoulizwa na mimi kiraka ni cha kitu gani, alisema "cha ng'ambo".

Kwa hivyo ikiwa atakwenda, asiende peke yake. Katibu afuatane naye na kalamu. Waulize kiraka ni cha nini. Waulize daktari amefanya mangapi ya namna hii, na wasione haya, hata fundi wa jahazi anaulizwa. Waulize msuli umeingiliwa na mafuta kiasi gani, maana ukiwa umeharibika sana hata kiraka kizuri kitashika kano ya msuli uliokufa. Na waulize akikataa kupasuliwa, nini kitatokea. Jibu la hilo mara nyingi huwashangaza watu: maisha yanaendelea.

Habari ya pesa. Mmehesabu upasuaji, kiraka, na nauli ya basi kutoka Mokowe hadi Mombasa. Hamkuhesabu kitu kikubwa kuliko vyote, nacho ni miezi ya kukaa. Mtu aliyeshonwa kano kubwa mkono wake hukaa kwenye kombeo wiki nne hadi sita. Halafu unachezeshwa taratibu bila yeye kutumia nguvu. Kuanza kutia nguvu ni baada ya miezi mitatu hivi. Kazi nzito, miezi sita au zaidi, na kurudi kwenye nyundo na sururu ya Manda, mimi kwa upande wangu simwahidi. Nani atalisha watoto? Nimewaona waliochangiwa operesheni wakarudi kubeba mizigo wiki ya saba kwa sababu ya njaa, na kano ikatoka. Pale zilipotea pesa za harambee na bega pia. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, kwa maoni yangu ni afadhali kutokupasua kuliko kupasua bila posho ya kumkalisha.

Bima nayo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile NHIF ya zamani haipo, ni SHA. Ajiandikishe, na katibu aulize mapema ni kitu gani kitalipwa na kitu gani hakilipwi, hasa kiraka, na jibu liandikwe. Na sigara iachwe, kaka. Moshi unazuia kano kushika, hilo limeonekana tena na tena. Mwenye kisukari akitulize kwanza.

Sasa mnataka niseme, aende au asiende? Nimekaa naye jana kutwa. Nimempima. Mkono haupandi mwenyewe, lakini kwa msaada unapanda mpaka juu, kwa hivyo haukuganda, na hiyo ni bahati. Misuli iliyobaki bado ina nguvu kiasi. Tena hajawahi kufanya mazoezi hata siku moja, hakuna aliyemfundisha. Nilimuuliza anataka nini. Hakusema mawe. Alisema anataka kulala usiku, kuvaa kanzu yake bila kusaidiwa, na ile takbira.

Kwa matakwa hayo, nilimshauri tujaribu miezi mitatu ya mazoezi kwanza. Kama angekuja wiki ya pili baada ya kuanguka ningemwambia panda basi kesho. Lakini ule muda wa haraka umeshapita, na miezi mitatu zaidi haitabadilisha mengi kwenye msuli ule. Amekubali. Mweka hazina, pesa zikae benki kwa jina la mchango huu, zisiingie kwenye mradi wa kuku. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, tutarudi kwa daktari na maswali yetu. Na kikundi kimpatie kazi ya mkono mmoja, kuandika hesabu ya mawe yanayopakiwa kwenye mashua, kwa mfano, maana anajua kusoma.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Mzee mmoja wa Matondoni ametupa kapi kuukuu la jahazi. Tumelifunga kwenye boriti ya baraza lake, kamba inapita juu, mkono mzima unavuta chini na ule mgonjwa unapanda. Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, bila kuruka siku. Akilala chali, aushike mkono mgonjwa kwa ule mzima aupandishe mpaka juu ya uso, kisha polepole aupunguzie msaada, mpaka siku utakapobaki juu wenyewe. Jana ulibaki kidogo tu, nilihesabu mpaka tatu. Nitakuwa naye kila Jumatano maji yakijaa, na mwenye bega linalomsumbua aje pamoja naye, baraza ni pana.